Tovuti za Nyanda za Juu Kusini zisitegemee seva moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wasomaji wengi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wameshalikuta: tovuti ya shule, ya chama cha ushirika au ya kikundi cha wakulima iliyokuwa ikifunguka vizuri mwaka jana, na leo ukiiandika unaambiwa haipatikani. Mimi ni mkutubi katika chuo kimoja hapa Iringa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwatafutia wanafunzi na walimu maandishi yanayouhusu ukanda huu. Mara nyingi napata bila shida kijitabu cha kilimo kilichochapwa miaka ya 1960, kwa sababu nakala zake zilisambazwa katika maktaba na ofisi nyingi, lakini nashindwa kuupata ukurasa wa tovuti ulioandikwa miaka michache iliyopita kuhusu zao lile lile, kwa sababu ulikuwa na nakala moja tu, ndani ya kompyuta moja, katika nchi nyingine. Ninachopendekeza ni kwamba taasisi zetu zianze kutunziana tovuti, kila moja ikiweka nakala za wenzake, kwa njia ya mitandao ya rika kwa rika, yaani mitandao ambamo kompyuta hupeana mafaili moja kwa moja bila kupitia seva moja ya katikati, yaani kompyuta moja inayohifadhi tovuti na kuwapa wote wanaoiomba.

Ili pendekezo hili lieleweke, inafaa kwanza kueleza kinachotokea mtu anapofungua tovuti ya kawaida. Tangu Tim Berners-Lee alipoandika pendekezo lake katika kituo cha CERN, Uswisi, mwaka 1989, na tangu CERN ilipouruhusu umma kuitumia teknolojia hiyo bure tarehe 30 Aprili 1993, anwani ya tovuti imekuwa ikitaja mahali kitu kilipo, wala haitaji kitu chenyewe. Kivinjari huulizia jina la kikoa, yaani jina la tovuti unaloliandika, kikapewa namba ya kompyuta fulani, kikaiendea kompyuta hiyo na kuiomba ukurasa. Kompyuta hiyo ikiwa imezimwa, imehamishwa au imefutwa yaliyomo, hakuna pengine pa kuulizia, hata kama watu mia moja waliufungua ukurasa huo siku iliyotangulia na kila mmoja akabaki na nakala yake ndani ya simu.

Watu wakisikia kwamba tovuti imepotea hudhani kuna wadukuzi. Kwa tovuti ndogo za mikoa yetu sababu ya kawaida ni ada ya mwaka. Kuna chama kimoja cha wakulima wa kahawa, ambacho sina sababu ya kukitaja, kilichokuwa na tovuti nzuri kupita nyingi nilizoziona: ilikuwa na bei za misimu kadhaa, mafunzo ya kupogoa mibuni yenye picha za kila hatua, na taarifa za mikutano mikuu. Ilitengenezwa na kijana aliyekuwa ametoka kumaliza chuo, akaisajili kwa barua pepe yake mwenyewe na kuilipia kwa kadi yake mwenyewe. Alipopata kazi Dar es Salaam, ujumbe wa kukumbusha malipo uliendelea kwenda kwenye barua pepe ambayo viongozi wa chama hawakuwa na nywila yake. Kampuni iliyokuwa ikiihifadhi tovuti ilisubiri muda uliotajwa katika mkataba, kisha ikafuta kila kitu, na kwa kufanya hivyo haikuvunja ahadi yoyote. Viongozi waliponijia, niliweza kuwapatia kurasa chache tu zilizokuwa zimenakiliwa na Internet Archive, shirika la San Francisco lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Picha za kupogoa mibuni hazikuwamo, na wazee wawili walioonekana katika picha hizo wakifundisha wameshafariki.

Hata wenye uwezo mkubwa hawakusalimika. Yahoo ilipoifunga huduma ya GeoCities mwezi Oktoba 2009, kurasa za mamilioni ya watu wa kawaida ziliondolewa hewani kwa uamuzi wa kampuni moja. Kilichobaki leo kimebaki kwa sababu watu wa kujitolea walizinakili kwa haraka na mwaka uliofuata wakazisambaza kwa njia ya BitTorrent, ambayo ni mtandao wa rika. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na kwa makadirio ya kampuni ya Netcraft tovuti zipatazo milioni 3.6 zikatoweka mtandaoni kwa wakati mmoja. Baadhi ya wateja walikuwa wamelipia nakala za akiba, lakini nakala hizo zilikuwa katika eneo lile lile la moto.

Kwetu sisi tukio lililopaswa kutuamsha ni la tarehe 12 Mei 2024, pale nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika kwa pamoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Hitilafu ile ilikuwa baharini. Haikuwa kwenye mkongo wa taifa unaopita Iringa na Mbeya kuelekea Tunduma. Hata hivyo mwalimu wa Tukuyu aliyetaka kusoma ukurasa ulioandikwa Uyole, umbali wa safari fupi ya basi dogo, alihangaika sawa na aliyetaka kusoma gazeti la London, kwa sababu ukurasa ule wa Uyole huenda ulikuwa umehifadhiwa Ulaya au Marekani kama zilivyohifadhiwa tovuti nyingi za Kitanzania. Maneno yaliyoandikwa hapa, kwa ajili ya watu wa hapa, yalilazimika kuvuka bahari mara mbili ili yasomwe hapa. Jambo hili linaniuma kila ninapolifikiria, kwa sababu halikuwa la lazima.

Mtandao wa rika hubadili maana ya anwani. Badala ya kutaja mahali, anwani hutokana na yaliyomo ndani ya faili lenyewe: kompyuta hulipitisha faili zima katika hesabu maalumu, ambayo siku hizi mara nyingi ni ile iitwayo SHA-256, na kupata namba ndefu inayoandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Ukiongeza nukta moja katika faili hilo, namba inayotoka ni nyingine kabisa. Kwa hiyo anayelitaka faili hahitaji kujua amwendee nani. Anatangaza namba, na kompyuta yoyote iliyo nalo inaweza kumpatia. Mpokeaji hurudia hesabu ile ile mwenyewe, na matokeo yasipolingana na namba aliyoiomba, faili linatupwa. Ndiyo maana naweza kupokea kijitabu cha kilimo kutoka kwa kompyuta ya Sumbawanga ambayo simjui mwenyewe, na bado nikawa na hakika kwamba hakuna aliyekibadili hata kipimo kimoja cha mbolea. Mkulima wa Makete aliyepoteza mbegu ya viazi hurudi kwa jirani aliyemgawia msimu uliopita, wala hasafiri hadi kituo cha utafiti kilikotoka mbegu ya kwanza. Mtandao wa rika unaziwezesha taasisi zetu kufanya hivyo hivyo kwa maandishi.

Wasomaji wenye umri wangu watakumbuka kwamba mitandao hii ilianza na sifa mbaya. Napster, iliyotokea mwaka 1999, ilitumiwa kubadilishana muziki bila idhini ya wenye haki, na mahakama za Marekani zikaisimamisha mwaka 2001. Mwaka huo huo Bram Cohen alitoa BitTorrent, inayoligawa faili katika vipande vingi ili kila anayepakua aweze kumpa mwenzake vipande alivyokwisha kuvipata, na mwaka 2002 Petar Maymounkov na David Mazières walichapisha mpango wa Kademlia, unaoiwezesha kila kompyuta kubeba sehemu ndogo tu ya orodha ya nani ana nini. Uzuri wa mpango huo ni kwamba hata kompyuta zikiwa milioni moja, utafutaji hukamilika kwa hatua zisizozidi ishirini hivi. Hakuna anayeishika orodha yote, na kwa hiyo hakuna ambaye akizimika orodha inapotea. Teknolojia hiyo hiyo iliyobeba nyimbo za wizi ndiyo inayotumiwa leo na Internet Archive kusambazia vitabu visivyo na hakimiliki, na simwoni mtu mwenye akili akikataa kulima barabara kwa sababu wezi nao hupita barabarani.

Kutoka kwenye mafaili hadi kwenye tovuti nzima palikuwa na kikwazo kimoja. Tovuti hubadilika, na kama anwani ni namba inayotokana na yaliyomo, basi kila ukihariri ukurasa anwani yake inabadilika. Wabunifu walilitatua jambo hilo kwa jozi ya funguo: mwenye tovuti ana ufunguo wa siri anaosainia kila toleo jipya, na wasomaji wanashika ufunguo wa umma ambao haubadiliki. ZeroNet, iliyoanzishwa na Tamas Kocsis wa Hungaria mwaka 2015, ilifanya hivyo. Mradi wa Dat, ulioanza mwaka 2013 kwa ajili ya data za kisayansi, ulifanya hivyo. Na IPFS, mtandao wa rika wa kutunzia mafaili na tovuti, ambayo Juan Benet aliieleza katika andiko la mwaka 2014 na kuitoa mwaka uliofuata, inafanya hivyo hadi leo. Yeyote anaweza kuitunza na kuisambaza nakala, lakini mwenye ufunguo wa siri peke yake ndiye anayeweza kutoa toleo jipya. Kwa chama cha ushirika maana yake ni kwamba ufunguo huo unapaswa kuwa mali ya ofisi, uandikwe na kufungiwa pamoja na hati nyingine za chama, wala usibaki katika kompyuta mpakato ya kijana wa kompyuta, la sivyo tutakuwa tumeurudia msiba ule ule kwa sura nyingine.

Mfano unaojulikana zaidi wa manufaa ya njia hii ni wa Uturuki. Serikali ya nchi hiyo ilipoifunga Wikipedia tarehe 29 Aprili 2017, watu wa IPFS waliinakili Wikipedia ya Kituruki na kuiweka katika mtandao wao, ikasomeka bila kupitia seva za Wikipedia zilizozuiwa. Kizuizi kiliondolewa Januari 2020 baada ya uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo. Ni haki kuongeza kwamba nakala ile ilikuwa ya kusoma tu: msomaji hakuweza kusahihisha wala kuongeza neno. Kwa maktaba, hata hivyo, nakala ya kusoma tu ndiyo hasa tunayoihitaji.

Kuna faida nyingine ambayo kwa shule zetu naiona kubwa kuliko ile ya kuokoa tovuti zinazokufa, na sijaisikia ikizungumzwa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukizipelekea shule za umma kompyuta, na shule nyingi za sekondari za ukanda huu sasa zina chumba cha kompyuta, ingawa intaneti yake ni modemu ya simu yenye bando la kununua. Mwalimu akiwaambia wanafunzi 40 wafungue kitabu cha kiada chenye megabaiti 50 kilichoko katika seva ya mbali, kila kompyuta itakivuta kivyake, na bando la gigabaiti mbili litakwisha kabla ya kipindi kwisha. Kompyuta hizo zikiwa katika mtandao wa rika, ya kwanza itakivuta kitabu kutoka nje, nyingine 39 zitakipata kutoka kwa wenzake waliomo chumbani, kwa kupitia ruta ya shule, bila kugusa bando hata kidogo. Zaidi ya hapo, siku ambayo mnara wa simu haufanyi kazi, au siku ambayo shule haina fedha ya kununua bando, kitabu kile bado kinafunguka, kwa sababu programu hizi zina namna ya kuitafuta kompyuta jirani ndani ya jengo bila kuhitaji intaneti ya nje. Nimeyaona haya yakifanyika kwenye maabara ya chuo chetu, waya wa nje ukiwa umechomolewa makusudi. Walimu wa Ludewa na Makete, ambako mvua ya Machi inaweza kuikata barabara na mawasiliano kwa pamoja, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa niseme upungufu wa njia hii, kwa sababu wanaoitangaza mara nyingi huunyamazia. Yako matangazo yanayodai kwamba ukishaweka tovuti katika mtandao wa rika itakuwapo milele. Si kweli. Faili linapatikana kwa muda ule tu ambao angalau kompyuta moja inalo, imewashwa, na inafikika. Katika IPFS kompyuta iliyosoma ukurasa huutunza kwa muda, kisha ikihitaji nafasi huufuta, isipokuwa mwenyewe awe ameiagiza wazi isiufute. Torenti za zamani, yaani mafaili yaliyosambazwa kwa BitTorrent, ambazo hakuna tena anayezishikilia zimejaa mtandaoni: namba ipo, jina lipo, na faili halipo. Programu zenyewe nazo huja na kuondoka. Kivinjari cha Beaker, kilichokuwa kimeifanya kazi ya kuandika tovuti za rika iwe rahisi hata kwa mtu asiye fundi, kilisitishwa mwaka 2022. Kivinjari cha Brave kiliingiza IPFS mwaka 2021 na kuiondoa mwaka 2024. Kwa sababu hiyo mafaili tutakayoyaweka yawe ya aina inayosomeka bila programu hizo, kurasa za kawaida na PDF, ili mtandao mmoja ukifa tuyahamishie mwingine bila kupoteza neno.

Upungufu mwingine unahusu simu. Tunasoma intaneti kwa simu, na mtu angeweza kudhani kwamba simu zetu zote zitageuka kuwa seva ndogo. Hazitageuka. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima na zilishagawiwa zikaisha, hivyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Simu yako inaweza kwenda kuomba, lakini mwingine hawezi kuijia moja kwa moja. Zipo mbinu za kulizunguka tatizo hilo, ikiwemo kupitisha maombi kwa kompyuta ya tatu, lakini hupunguza kasi, na katika hali zote mwenye simu ndiye anayelipia kwa bando na kwa chaji yake kila anachowapa wengine. Si haki kumtwika mama wa Kyela anayesoma bei ya mpunga gharama ya kumhudumia msomaji wa Mafinga. Mzigo huu ni wa taasisi zenye jengo, umeme na intaneti isiyopimwa kwa megabaiti, na katika mikoa hii taasisi hizo zipo: vyuo vikuu vya Mbeya na Iringa, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, maktaba za mikoa, hospitali kubwa na ofisi za dayosisi.

Mfano ninaotaka tuuige haukutoka kwa wabunifu wa vivinjari bali kwa wakutubi. Mwaka 1999 maktaba ya Chuo Kikuu cha Stanford ilianzisha mpango uitwao LOCKSS, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba nakala nyingi hutunza vitu salama, baada ya Victoria Reich na David Rosenthal kuona kwamba majarida ya kitaaluma yaliyohamia mtandaoni hayakuwa tena mikononi mwa maktaba zilizoyalipia. Maktaba ilikuwa imenunua ruhusa ya kusoma, na mchapishaji akifunga duka ruhusa hiyo inabaki karatasi. Katika mpango huo kila maktaba huweka kompyuta ya kawaida yenye nakala yake ya majarida, na mara kwa mara kompyuta hizo huulizana: faili hili kwako lina hesabu gani? Ikionekana kwamba nakala ya mmoja imeharibika na za wengi zinalingana, aliyeharibikiwa hujirekebisha kutoka kwa wenzake. Hakuna maktaba iliyo kubwa kuliko nyingine katika kura hiyo. Naipenda sana njia hii kwa sababu inakiri jambo ambalo mafundi wengi hawapendi kulikiri, kwamba diski huoza kimya kimya, na kwamba nakala usiyoikagua huwezi kuihesabu. Pia inataja watu: kila nakala ina maktaba inayowajibika nayo, na mkutubi ambaye ukimpigia simu anajua kompyuta iko chumba gani. Huko kwingine tumezoea kuambiwa kwamba umma utatunza, na umma hauna namba ya simu.

Vifaa vinavyohitajika si vya kutisha. Kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi yenye diski ya terabaiti moja hula umeme mdogo kuliko balbu ya zamani ya wati 60, na diski hiyo inatosha kubeba tovuti zote za taasisi zetu ninazozijua pamoja na vitabu vyake. Umeme ukikatika Mbeya, nakala ya Iringa inaendelea kuhudumu. Ukikatika kote kuwili, ipo ya Njombe. Tovuti ya kawaida haihitaji kufutwa, wala msomaji hahitaji kujifunza programu mpya: atafungua jina lile lile alilolizoea, na pale seva ya mbali itakapokosekana, kompyuta ya taasisi iliyo karibu naye itampatia ukurasa ule ule kupitia kivinjari chake cha siku zote, ilimradi mafundi wa pande zote wamekubaliana mapema jinsi ya kuelekeza maombi. Kazi ngumu ni makubaliano hayo, na ni kazi ya wakuu wa taasisi kabla ya kuwa ya mafundi.

Kuhusu cha kuanza nacho, ningeanza na yale ambayo yakipotea hayaandikwi tena: machapisho ya Uyole kuhusu mahindi, viazi na maharage ya nyanda za juu, rekodi za sauti za masimulizi kwa Kihehe, Kinyakyusa, Kibena, Kisafwa na Kikinga zilizokusanywa na wanafunzi wa isimu na ambazo nyingi zimelala katika flashi za watu binafsi, ramani za vyanzo vya maji, historia za shule na parokia. Tovuti za matangazo na habari za kila siku zinaweza kusubiri.

Na kuna vitu ambavyo havipaswi kuingia kabisa. Kitu kikishasambaa katika mtandao wa rika, aliyekiweka hana uwezo wa kukirudisha, kwa kuwa hajui nani anacho na hawezi kumlazimisha akifute. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zirekebishwe au zifutwe katika mazingira iliyoyataja, na taasisi iliyoweka mtandaoni orodha ya wanachama na madeni yao, majina ya wanafunzi na alama zao, au picha za wagonjwa, haitaweza kuitimiza haki hiyo. Katika hili utaratibu wa seva moja ni bora: unaifungua, unafuta, na yamekwisha. Nasisitiza pia kwamba mitandao mingi ya aina hii haimfichi mtu. Kompyuta inayotoa au kupokea faili huonekana kwa anwani yake kwa wengine waliomo, na asidhani yeyote kwamba amepata mahali pa kufanyia uchochezi au wizi bila kujulikana.

Linabaki suala ambalo wakutubi wenzangu wa Mbeya na Njombe wamelitaja kila tulipozungumza, na ambalo limewafanya wakuu wao wasite. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020, pamoja na marekebisho yake, zinawataka baadhi ya wanaotoa maudhui mtandaoni wawe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na zinawapa wajibu wa kuondoa maudhui yaliyokatazwa pale wanapoelekezwa. Zinamfikiria mtoa maudhui kama mtu aliyeandika au mwenye tovuti. Maktaba iliyoshika nakala ya tovuti ya chuo kingine haikuandika kitu wala haina ufunguo wa kubadili neno, ingawa inaweza kuizima nakala yake ikiamriwa. Je, nayo ihesabiwe kuwa mtoa maudhui na iombe leseni, au ihesabiwe kama inavyohesabiwa inapoweka kitabu cha mtu mwingine kwenye rafu? Hakuna mkuu wa chuo atakayetia saini makubaliano ya kutunziana nakala kabla ya kulijua hilo, na simlaumu. Naiomba Mamlaka itoe maelezo kwa maandishi, na ikiona inafaa iyatoe kupitia gazeti lako, ili vyuo viweze kuyaambatisha katika makubaliano yao. Kwa upande wa chuo chetu, kompyuta ya kwanza imeshatengwa na nafasi katika diski yake ipo. Taasisi yoyote ya ukanda huu inayotaka machapisho yake yatunzwe hapo kwa majaribio, yasiyo na taarifa za watu binafsi, ije maktabani na mkuu wake wa TEHAMA tupange utaratibu wa kukagua nakala kila mwezi.

Wako mwaminifu,
Mkutubi, Iringa